Nimekodi Politiki Kouzina, nusu ya watu wakafungwa midomo

Nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivihivi. Majuzi nimelipa hela yangu halali kukodi Politiki Kouzina, ile filamu ya Kigiriki ya mwaka 2003 ya Tassos Boulmetis, kwenye huduma moja ya filamu mtandaoni. Picha safi, sauti safi. Lakini kila anapoongea mtu Kituruki, tafsiri inakatika na chini ya skrini yanatokea maneno haya tu: "anazungumza lugha ya kigeni". Afisa akisema, lugha ya kigeni. Saime, aliyependwa tangu utotoni na Fanis, mhusika mkuu, akisema, lugha ya kigeni.

Ya kigeni kwa nani? Hadithi inaanzia Istanbul! Ni familia ya Wagiriki wa mji huo. Babu Vassilis ana duka la viungo, na humo ndimo anamofundishia mjukuu wake Fanis habari za sayari: pilipili manga ndiyo jua, mdalasini ndiyo Zuhura. Mwaka 1964, mgogoro wa Wagiriki na Waturuki kisiwani Cyprus ulipopamba moto, serikali ya Uturuki ikawafukuza waliokuwa na uraia wa Ugiriki, kila mtu na mzigo wa kilo 20. Baba mtu ana uraia huo, anaondoka na mkewe na mtoto. Babu ni raia wa Uturuki, anabaki. Wakifika Athens wenzao wanawaona Waturuki. Boulmetis naye alizaliwa Istanbul na kuhamishwa akiwa mtoto, kwa hiyo hakuokota mambo haya vitabuni.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Wakanijibu: "Filamu hii ni ya Kigiriki, tafsiri yake imekamilika." Basi. Hata pole hakuna. Yaani wamenijibu kama wale maafisa wa mipakani: wewe ni hiki, si kile, funga mzigo wako. Bibi yangu Unguja aliitwa Mwarabu, akaja Muscat akaitwa Mzanzibari mpaka anazikwa. Jibu kama hilo mimi haliniingii akilini.

Filamu yenyewe nilitaka kuipa nyota zote tano. Wapi umeona mtoto wa kiume anayependa kupika akipewa heshima namna ile? Kule Athens wakubwa wanaingiwa na hofu, wanamzuia asikanyage jikoni, na filamu iko upande wake bila kumcheka. Lakini kadiri nilivyozidi kuifikiria nikaanza kuikasirikia nayo. Saime ana nini chake mwenyewe? Utotoni anacheza ngoma, ukubwani ana mume na binti, na siku zote tunamtazama kwa macho ya Fanis. Mwanamke wa Kituruki kafanywa kumbukumbu ya mwanamume wa Kigiriki. Au namwonea Boulmetis? Maneno yake Saime sikuwekewa niyasome, nitamhukumuje? Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Halafu kuna Savvas, baba wa Fanis, mezani. Anaeleza kwamba siku ya kufukuzwa afisa alimnong'oneza sikioni: ukisilimu utabaki. Akachukua sekunde tano kabla ya kukataa, na anasema hizo ndizo sekunde mbaya kuliko zote maishani mwake, kwa jinsi alivyoupenda mji ule. Nilisimamisha filamu nikalia. Mtu aliyeandika hayo hakuwachukia Waturuki, na sidhani alikusudia kumnyamazisha Saime.

Kwa hiyo huduma naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya picha. Filamu tano. Hapana, nne, mpaka nipate nakala iliyotafsiriwa Kituruki chake chote, nimsikie Saime anasema nini. Hela nimedai irudishwe na hadi sasa hawajajibu.