Zambezi kwa Mtumbwi hadi Mana Pools: Mto Sina Ugomvi Nao, Kampuni Ninao

Kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kushuka Mto Zambezi kwa mtumbwi, kutoka mji wa mpakani wa Chirundu hadi Mana Pools, hifadhi ya wanyama ya Zimbabwe, nikilala kwenye hema visiwani, na msimu wa kiangazi uliopita nilifanya safari hiyo pamoja na dada yangu mkubwa na wasafiri wengine tuliokutanishwa na kampuni moja ya upande wa Zimbabwe. Nimechelewa kuandika kwa makusudi, nikitaraji hasira ipoe ili niandike kwa haki. Haikupoa. Inatokana na jambo moja lililotokea alasiri moja, pamoja na jibu alilopewa dada yangu baada ya jambo hilo, na nimeona ni wajibu wangu kulieleza lilivyokuwa, kwa sababu kuna watu watakaolipa fedha zao na kuwaweka wazazi wao ndani ya mitumbwi ile ile.

Bei, ukubwa wa mahema na orodha ya vyakula vimo kwenye matangazo yao, sitavirudia. Ninachotaka kieleweke kwanza ni kwamba mafunzo ya asubuhi ya kwanza yalikuwa mazuri, tena mazuri sana, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Kiongozi wa msafara alituketisha kivulini, akatueleza taratibu moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Mitumbwi ifuatane kwa mstari mmoja nyuma yake, na pasiwe na mtumbwi unaoachwa. Tupite kwenye maji mafupi karibu na ukingo, kwa kuwa mchana kiboko hukaa kwenye maji yenye kina, na akishtuliwa akiwa pembeni hukimbilia huko huko kwenye kina, hivyo mtumbwi utakaokuwa katikati yake na kina ndio atakaoupindua, si kwa chuki bali kwa sababu umemzibia njia. Tugonge ubavu wa mtumbwi kwa kafi tukikaribia kundi, ili walio chini ya maji watusikie, waibuke na tuwaone walipo. Mikono isining'inizwe majini kwa ajili ya mamba. Mtumbwi ukipinduka, tuuache, tuogelee kuelekea ukingo ulio karibu. Kiboko dume hufikia zaidi ya tani moja na nusu, na mtumbwi wetu wa fibaglasi, pamoja na watu wawili, mahema na makasha ya chakula, haukufika hata nusu ya uzito huo. Niliyashika maneno yale yote, na dada yangu, ambaye amefundisha watoto shuleni hadi alipostaafu, aliyaandika kwenye daftari.

Mto wenyewe ulitupokea vizuri. Kuanzia Chirundu, ambako malori hupanga foleni ya kuvuka daraja kwenda Zambia, ukipiga kafi kidogo tu unakuta kelele zote zimekwisha, na kaskazini milima ya ukingo wa bonde imesimama upande wa Zambia, ya buluu asubuhi na ya kahawia mchana. Maji yalikuwa yamepungua. Katika sehemu hii kina cha mto hutegemea sana kiasi cha maji kinachoachiliwa kutoka Bwawa la Kariba, lililozinduliwa mwaka 1960, na tulipokuwepo sisi mafungu ya mchanga yalikuwa yamejitokeza kila mahali, na viboko wamebanana kwenye mifereji michache iliyobaki na kina. Mtu yeyote anayeujua mto ule angeona kwamba hali hiyo ilidai uangalifu zaidi kuliko siku za maji mengi.

Sasa nifike kwenye alasiri yenyewe. Baada ya chakula cha mchana upepo ulianza kuvuma kutoka mashariki, na kwa kuwa tulikuwa tunaelekea huko huko, ulikuwa upepo wa mbisho, wa kutupiga usoni. Aliyewahi kuendesha mtumbwi wazi anajua kinachofuata: omo, yaani sehemu ya mbele, ikiwa nyepesi, upepo huikamata, na mtumbwi ukigeuka kidogo tu upande, hupinda wote na kuanza kuchukuliwa na maji ubavu-ubavu, na aliyekaa tezi, yaani nyuma, hana nguvu za kuurudisha peke yake. Dada yangu alikaa omo katika mtumbwi wa mwisho, pamoja na bwana mmoja mzee mwenye bidii nyingi na mabega mabovu. Hawakuchagua kuwa wa mwisho. Kiongozi ndiye aliyewapanga hivyo asubuhi ile, akasema kijana wake aliye mafunzoni atakuwa karibu nao.

Kiongozi hakupunguza mwendo. Alitaka kuwahi kisiwa cha kulala kabla ya msafara mwingine kukichukua, hilo nililijua baadaye, na badala ya kusubiri kundi likusanyike kwenye ukingo alizidi kutangulia hadi akawa umbali ambao sauti haifiki. Mstari ule aliotufundisha ulikatika vipande vitatu. Mimi nilikuwa katikati, na kila nilipogeuka niliuona mtumbwi wa dada yangu ukisogea mbali na ukingo, ukiingia polepole kwenye mfereji wenye rangi ya kijani iliyokolea, rangi ambayo asubuhi ya kwanza tuliambiwa tuiogope. Nilipiga kelele mbele, hakuna aliyegeuka. Nilipiga kelele nyuma, upepo ukanirudishia sauti yangu. Kisha nikaona masikio. Jozi moja, halafu nyingine, halafu mgongo mpana ukiinuka na kuzama, mahali ambapo kati yake na dada yangu palikuwa na maji matupu ya urefu wa uwanja mdogo wa mpira.

Aliyewaokoa ni yule kijana. Aligeuza mtumbwi wake, akaja kwa mshazari ili upepo usimpige ubavuni, akaanza kugonga fibaglasi kwa mti wa kafi, ko, ko, ko, taratibu na bila pupa, huku akizungumza na dada yangu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni: "Mama, usinitazame mimi, tazama ule mti ulioanguka. Piga kafi upande wa kulia. Tena. Tena. Vizuri sana, mama." Alipowafikia aliishika kamba ya omo, akaifunga kwenye mtumbwi wake, akawavuta hadi kwenye maji ambayo mtu angeweza kusimama. Kiboko mmoja mkubwa aliibuka nyuma yao, pale pale walipokuwa wamepita, akapiga pumzi ya maji juu na kututazama. Hakuna aliyeumia, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Tulipofika kwenye fungu la mchanga, kiongozi alikuwa amekwishavua viatu, ameketi kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha chai mkononi. Dada yangu alishuka, akakunguta mchanga miguuni, akamwendea. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Alimwuliza kwa upole, kwa lugha ya adabu aliyozoea kuwatumia wazazi wa wanafunzi wake: "Samahani, baba, ilikuwaje leo hatukungojwa?" Yule bwana hakuinuka. Akamjibu, tena kwa sauti ya kuwafurahisha waliokuwa wameketi naye: "Mama, huu ni mto, si bwawa la kuogelea la hotelini. Anayeogopa maji hubaki nyumbani." Wawili watatu wakacheka, na yeye akaendelea na chai yake.

Dada yangu hakujibu. Alikwenda kuketi mbele ya hema letu, akafungua daftari lake, akalifunga, na jioni ile hakula. Mtu aliyetoka kuona mgongo wa kiboko ukiinuka karibu naye, akauliza swali ambalo kila msafiri ana haki ya kuliuliza, anaambiwa mbele ya kadamnasi kwamba kosa ni woga wake. Usiku nilimfuata kiongozi pembeni, nikamwambia kwamba hakuna aliyeogopa maji, aliyeuliza aliuliza kuhusu kanuni aliyoifundisha yeye mwenyewe. Akaniambia amefanya kazi hii miaka mingi na hakuna aliyefia mikononi mwake. Hilo si jibu. Kama hakuna aliyekufa, ni kwa sababu pana watu kama yule kijana wanaorudi nyuma wakati yeye anakwenda mbele.

Nisiwe mchoyo wa ukweli, hata hivyo. Siku zilizofuata zilikuwa miongoni mwa siku bora nilizowahi kuishi, na ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo. Tulipita chini ya kingo za udongo zilizotobolewa na ndege waitwao keremkerem wekundu, mamia kwa mamia, wakitoka na kuingia kwenye matundu yao bila kutujali. Usiku viboko walipanda kisiwani kula majani, tukawasikia wakikata nyasi upande wa pili wa turubai, na simba wakinguruma ng'ambo, katika hifadhi ya Zambezi ya Chini iliyoanzishwa mwaka 1983 upande wa Zambia. Mana Pools, ambayo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1984, inastahili heshima hiyo kwa ile miti yake ya mikababu pekee. Mkababu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua kiangazi, wakati kila mti mwingine umekauka, na maganda ya mbegu zake huangukia ardhini pale tembo wanapoyahitaji zaidi. Tulimwona tembo dume akisimama kwa miguu ya nyuma kufikia tawi la juu, jambo ambalo tembo wachache wa pale wanasifika kwalo, na hapo ndipo hukumu yangu ilipoanza kuyumba.

Ilianza kuyumba kwa sababu ya kiongozi yule yule. Tulikuwa kwa miguu wakati dume mwingine alipotokea vichakani karibu mno, masikio wazi, kichwa juu. Kiongozi alitusimamisha kwa ishara ya kidole, akasogea hatua mbili mbele yetu, akasimama upande upande, akamsemesha yule mnyama kwa sauti ya chini hadi masikio yakalegea na mkonga ukarudi kwenye nyasi. Alisoma kila mtikisiko wa yule tembo. Zimbabwe inasifika kwa ugumu wa mitihani ya leseni ya waongozaji wake, na katika dakika zile niliona kwa nini. Kwa siku moja nzima nilijiambia kwamba labda nimemkasirikia mno, labda alasiri ile alichoka, labda nimpe nyota tatu na niyaache mengine yapite.

Lakini nikilifikiria zaidi, ustadi wake ndio unaomtia hatiani. Mtu asiyejua mto anaweza kusamehewa. Huyu aliujua mfereji ule, aliijua tabia ya viboko wakati wa maji machache, aliujua upepo wa alasiri, na bado aliwaacha wazee wawili nyuma kwa ajili ya kuwahi kisiwa. Ana macho ya kusoma sikio la tembo, na hakuweza kuusoma uso wa mwanamke aliyesimama mbele yake akitetemeka.

Siku ya mwisho tulipewa bahasha moja ya bahashishi, ya kugawiwa na kiongozi apendavyo. Nilikataa kutia chochote humo. Dada yangu na mimi tulimfuata kijana alipokuwa anaosha masufuria, tukampa mkononi, na dada yangu akalichana karatasi kwenye daftari lake, akamwandikia barua ya kumsifu aipeleke popote atakapoihitaji.

Niliporudi niliwaandikia kampuni barua ndefu, bila tusi hata moja. Sikudai kurudishiwa fedha. Niliomba mambo mawili: kiongozi amwombe dada yangu radhi, na kampuni ieleze ina utaratibu gani wa kuhakikisha mtumbwi wa mwisho hauachwi. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, mistari minne, likinikumbusha kwamba sote tulitia saini fomu ya kukubali hatari za wanyama na maji. Ni kweli tulitia saini. Nimeisoma tena fomu ile mstari kwa mstari. Inataja viboko, mamba, tembo, jua kali na kupinduka kwa mtumbwi. Haitaji popote kuachwa na kiongozi wako, wala kudhihakiwa ukiuliza sababu.

Kwa hiyo zile nyota tatu nimezifuta, nimebakiza moja. Kama unapanga safari ya namna hii, na ninakusihi uipange kwa sababu mto ule hauna mfano, usilipe kabla hujapata majibu ya maandishi: nani atakaa kwenye mtumbwi wa mwisho, ana leseni ya ngazi gani, na kundi hufanya nini upepo ukianza. Kampuni makini itakujibu siku hiyo hiyo. Yule kijana aliniambia anajiandaa kwa mtihani wake wa mwisho. Akiupata, na akianza kuongoza msafara wake mwenyewe, dada yangu amekwishasema atarudi, na mimi nitakaa tezi.