Pentax K1000 ya mkono wa pili kwa binti wa kidato cha tatu (Moshi)

Naanza na hela maana najua ndio mnayoitafuta. Kamera yenyewe, ya mkanda wa picha, mzee aliyeniuzia aliniambia laki na themanini nikaongea mpaka laki na nusu, mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe wa Ilford HP5 elfu 45 umekuja na mtu kutoka Dar, kuusafisha elfu 15. Pigeni hesabu wenyewe, mikanda mitatu tu ishaipita bei ya kamera, na hapo hujaongelea bodaboda.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Binti alivyonisumbua na kamera ya mkanda nikaenda soko moja la mtumba, nikakuta kikamera cha plastiki kinang'aa, vile vya kubonyeza tu vinavyojivutia mkanda vyenyewe, elfu 40. Muuzaji akaweka betri, flashi ikawaka, nikaona mambo si ndio haya. Wiki mbili kikazima moja kwa moja, nikampelekea fundi simu akakifungua akanirudishia na skrubu mbili zimebaki mkononi. Vile vya umeme vikifa vimekufa jamani, spea hamna.

Ndipo shemeji akanielekeza kwa mzee mmoja pande za Mbuyuni, zamani alikuwa na studio, mambo ya pasipoti saizi na harusi. Binti akamwamkia, babu akaitika marahaba mjukuu wangu, halafu bei hakuitaja kabisa, akatoa Pentax akamwambia vuta, bonyeza, sikiliza. Akaiweka spidi (muda ambao pazia la ndani linakaa wazi) ya sekunde 1, ukasikia inafunguka inakaa inafunga. Akafungua mgongo akamwambia achungulie kuelekea dirishani spidi zote mpaka ile ya 1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, mwanga unapita au haupiti. Akang'oa lenzi akaimulika na tochi ya simu kutafuta ukungu maana kwa mvua zetu za masika lenzi ikikaa kabatini inaota utandu kama wa buibui, na ukikuta umeshashika kioo achana nayo hata kama ni bei ya kutupa. Hayo yote kabla sijafungua pochi. Yule wa sokoni alinionyesha flashi tu.

Sasa kamera yenyewe. Imetengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997 kwa hiyo hata iliyo changa kabisa inamzidi binti yangu umri. Karibu kila kitu ndani ni chuma na springi, betri ni kale kadogo kama ka saa, LR44, na kazi yake ni kuendesha kipima mwanga tu, ukichungulia unaona kamshale kanapanda na kushuka, kakikaa katikati unapiga. Betri ikiisha kamera bado inapiga. Babu alimfundisha, jua la saa saba na mkanda wa 400 (namba ya jinsi unavyoshika mwanga) weka tundu la lenzi kwenye 16 na spidi 500, basi. Ila haina pa kuzimia, ukiiacha bila kifuniko cha lenzi kipima mwanga kinakula betri usiku kucha taa ikiwaka, sisi tumeshaua moja hivyo. Ni nzito shingoni. Na haina ile ya kuhesabu ukimbie ukae na wenzako, kwa hiyo mpigaji ndio hayupo kwenye picha za familia. Sponji za mlango wa nyuma wa kamera zilikuwa zimeoza zimekuwa kama lami, babu akazikwangua akabandika nyuzi nyeusi za kufumia sweta, bure.

Mkanda wa kwanza tulienda nao Kibosho sikukuu ya Desemba, ukoo mzima uko kihambani, bibi kavaa kitenge kipya kakaa chini ya mgomba anatulia kabisa kusubiri picha, binti kapiga 36 na bado inavuta, 37, 38, 40, mi nasema bahati hiyo mwanangu wamekuongezea! Kumbe ncha ya mkanda haikushika kwenye kile kigurudumu cha kulia, namba juu zinahesabu tu, mkanda umelala kwenye kopo lake. Babu alivyousafisha ukatoka mweupe kama kioo, zile namba za kiwandani pembeni zinasomeka vizuri, akasema dawa imefanya kazi, mwanga ndio haukuingia. Binti alilia, mi nililia elfu 60. Kwa hiyo ukivuta angalia kile kitufe cha kushoto cha kurudishia mkanda, kama hakizunguki simama hapo hapo.

Wa pili zimetoka 29. Babu anasafisha nyeusi na nyeupe tu, dawa inataka nyuzi joto 20 na maji yetu ya bomba mchana ni ya vuguvugu, anazungushia barafu za mifuko. Hachapi. Binti anaweka negativu (mkanda uliosafishwa) juu ya skrini nyeupe ya laptopu anaipiga na simu anageuza rangi, yaani tumezunguka kote huko tukarudi kwenye simu, ila picha ya bibi (tulirudi tena Kibosho, alivaa kitenge kile kile) hakuna simu iliyowahi kumtoa hivyo.

Kamera naipa 4 kwa 5, nyota moja nimekata kwa sababu ya bei ya mikanda ingawa najua sio kosa lake. Babu 5. Anafungua saa nne, Jumapili usiende, yuko kanisani na akitoka huko hafungui.