Pochi ya kuzuia wezi wa kadi, miezi minane baadaye

Nimeitumia hii pochi wanayoiita ya kuzuia RFID, yaani kadi kusomwa kwa mawimbi ya redio bila kuchomekwa popote, miezi minane sasa na kwa upande wa upochi sina neno, ngozi nzuri, uzi haujaachia hata sehemu moja, kadi sita zinakaa na noti zina sehemu yake. Ila hakuna anayeinunua kwa ajili ya uzi bana, watu wanaitaka sababu tangazo linasema mwizi akikupitia karibu na kimashine chake anakopi kadi ikiwa humo humo mfukoni.

Nikaijaribu. Hata wewe unaweza, kama simu yako ina NFC, ile ya kusoma kadi kwa kuigusisha, weka apu ya kusoma chipu halafu gusisha kadi nyuma ya simu. Kadi ikiwa wazi inasomeka palepale, nikaiweka ndani ya pochi nikafunga, kimya. Haya, nikaitoa nikaizungushia foili ya jikoni, kimya vilevile!! Kumbe kazi yote inafanywa na kale kautando ka chuma kalikoshonewa ndani. Na hata bila pochi simu ilibidi niisogeze mpaka ikaribie kugusa, maana hizi kadi zimetengenezwa zisomwe kwenye kama sentimita 4 hivi, na huyo mwizi akishafika hapo anachopata ni namba ya kadi na tarehe ya kuisha, zile tarakimu tatu za nyuma chipu haizitoi, na kila malipo chipu inatengeneza namba ya mara moja ambayo haitumiki tena. Wizi wa tabu sana huo.

Sasa sikia. Mwezi wa tano nikaibiwa, pochi ikiwa mfukoni imefungwa vizuri kabisa. Nilitoa hela kwenye ATM, wiki mbili mbele meseji inaingia usiku, hela imetolewa sehemu ambayo sijawahi hata kukanyaga. Benki wakaja kuniambia ile mashine ilikutwa na mdomo wa bandia umebandikwa juu ya tundu la kadi, na kikamera kidogo kinachungulia vidole vyako ukibonyeza pini. Walichokopi ni ule mstari mweusi wa sumaku nyuma ya kadi, ambao kila siku unasema maneno yale yale, haujui kubadilika kama chipu. Mastercard walishatangaza 2021 kwamba wataanza kuuondoa 2024 na ukifika 2033 kadi zao zote hazitakuwa nao, sawa, ila mpaka huko ni mbali.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijachomeka kadi naitikisa kwanza ile sehemu ya tundu, ikicheza naondoka, na pini naibonyeza nimeifunika kwa kiganja hata kama niko peke yangu, watu wanione mshamba tu. Kununua vitu mtandaoni nina kadi nyingine yenye hela kidogo maana huko wezi wanapandikiza programu zao za wizi kwenye ukurasa wenyewe wa malipo, hapo utatikisa nini? Na kilichoniokoa hela zilizobaki ni ile meseji ya kila muamala, niliifungia kadi kwenye apu ya benki nikiwa bado kitandani.

Nyota tatu, zote za ngozi. Halafu kadi yangu ya kufungulia mlango wa ofisi nayo haisomeki ikiwa ndani, kila asubuhi nasimama mlangoni naichomoa huku foleni inanikodolea macho nyuma.