Darasa la Kipolandi mtaani Shela, Malindi: mkazo unafundishwa vizuri, karatasi zina kasoro

Kwa wiki sita nimehudhuria darasa la jioni la Kipolandi hapa Shela, Malindi, lililoanzishwa kwa ajili yetu tunaotembeza wageni, na ninalisifu hasa kwa sababu mwalimu huanza na kile ambacho ulimi wa Mswahili umekwisha kukizoea. Katika Kipolandi, kama katika lugha yetu, mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo nao husogea. Sisi husema ki-TA-bu, kisha ki-ta-BU-ni. Wao husema na-u-CZY-ciel, yaani mwalimu, kisha na-u-czy-cie-LA-mi, yaani pamoja na walimu.

Ugumu uko katika kugawa silabi. Sisi ambao m ya “mtu” kwetu ni silabi kamili ilituchukua jioni mbili kukubali kwamba wstrząs, neno la herufi saba lenye maana ya mshtuko, ni silabi moja tu, kwa kuwa Kipolandi huhesabu irabu, hata konsonanti zikisongamana vipi. Tena i inayotangulia irabu nyingine mara nyingi haihesabiwi, kwani kazi yake ni kulainisha konsonanti. Hivyo dziękuję, “asante”, ni dzię-KU-ję, silabi tatu, nami kwa miaka nimewashukuru wageni kwa silabi tano! Mwalimu alichora kitao kwa chaki chini ya kila silabi ya konstantynopolitańczykowianeczka, akawa anagonga meza kwa kidole huku nasi tukifuata, mpaka tukazitamka silabi zote 12 bila kukwama, mkazo ukiwa kwenye necz.

Kasoro kubwa ni karatasi tunazouziwa, ambazo zinadai kwamba kanuni hiyo haina vighairi. Katika matamshi sanifu, zro-BI-li-śmy, “tulifanya”, mkazo wake uko silabi ya tatu kutoka mwisho, na zro-BI-li-by-śmy, “tungefanya”, uko ya nne. MU-zy-ka na u-ni-WER-sy-tet nayo hayafuati kanuni. Hata CZTE-ry-sta, yaani mia nne, neno ambalo mtu wa kazi yetu hulihitaji kila anapotaja bei, limo katika kundi hilo. Mwalimu husahihisha kwa mdomo, lakini aliyekosa jioni ile amebaki na karatasi yenye makosa. Ningeomba zichapishwe upya kabla ya darasa lijalo kuanza, na kwa sharti hilo ningewashauri wenzangu wajiandikishe.