BCM imekufa: ipi ya kununua, na maji ambayo hakuna muuzaji anayeyataja

Malalamiko yanayonifikia yanafanana mno. Taa za ndani zinawaka zenyewe usiku, waipa zinapiga bila mvua, milango inajifunga na kujifungua, asubuhi betri imelala. Fundi anasema kompyuta ya bodi, yaani BCM, ile inayoamuru taa, waipa na milango, imekufa. Mwenye gari anahangaika, ananunua nyingine, inafungwa, mambo yanatulia. Mvua zikirudi, ugonjwa uleule unarudi nazo. Muuzaji anamtupia lawama fundi, fundi anailaumu spea, na mwenye gari analipa mara ya pili.

Hapo kinachorukwa karibu kila mara ni maji. Kwenye magari mengi BCM imekaa chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva au abiria, na huko ndiko maji yanakoishia. Yanapenya kwenye mpira wa kioo cha mbele uliochoka, au kwenye mifereji ya dirisha la paa iliyoziba kwa uchafu, au yanarudi ndani kwa sababu bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Yakishaingia, yanafuata waya. Waya ukishuka kuelekea kwenye soketi, maji nayo yanashuka hadi ndani ya soketi.

Chomoa soketi uimulike. Pini isiyo na hitilafu inang'aa. Iliyoonja maji ina unga wa kijani kwenye shina, na mara nyingine kasha la plastiki lina mstari mweupe mahali maji yalipofikia yakakauka. Ule ukijani ni kutu ya shaba, na ukishirikiana na unyevu unapitisha umeme kutoka pini moja hadi jirani yake. Ndiyo maana waipa inapiga bila kuamriwa. Kisha inua zulia, ukandamize sponji iliyo chini yake kwa kiganja. Zulia linaweza kuwa kavu kabisa juu huku sponji imejaa maji. Kama imelowa, BCM yoyote utakayonunua, hata ya bei ya kutisha, inakwenda kufia palepale.

Vipimo vya kawaida fundi wako anavijua, nitavipitia haraka. Betri iliyotulia isome takriban volti 12.6, na injini ikiwaka kwa kawaida isome kati ya 13.5 na 14.5. Fyuzi na waya wa athi vikaguliwe. Kwenye gari linalotumia CAN, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha kompyuta za gari, chomoa betri, pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya kupimia, ile inayochomekwa mashine ya kusoma makosa: unatarajia karibu omu 60. Namba ikiwa mbali na hapo, tatizo linaweza kuwa kwenye nyaya na BCM ikawa inasingiziwa.

Sasa ununuzi. Chaguo langu la kwanza ni kutokununua: tengenezesha ileile ya kwako. BCM haifanani na taa ya nyuma, kwamba ukipata inayoingia umemaliza. Ndani yake kuna namba ya chesisi, aina ya taa, vifaa ambavyo gari linavyo, na kwenye magari mengi hata funguo. Nissan nyingi zimeweka imobilaiza, ile kinga ya wizi inayozuia gari kuwaka, humo humo, kwa hiyo ukifunga ya gari lingine bila kuiprogramu, gari haliwaki. Ukitengenezesha ya kwako, kumbukumbu yote inabaki. Fundi wa elektroniki anaifungua, anaisafisha bodi ya saketi iliyo ndani kwa spiriti ya isopropili, anachomelea upya kwa risasi miguu ya relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyolegea, anabadilisha relei iliyoungua.

Mfano mzuri ni FRM3 ya BMW, moduli (kompyuta ndogo) inayosimamia taa na vioo. Betri ikishuka sana au ikichomolewa, data zake zinaweza kuharibika na moduli ikanyamaza kabisa. Kifaa chenyewe ni kizima. Mafundi wanaandika upya kumbukumbu, na kinafufuka. Pamoja na hayo, watu wameuziwa mpya kwa sababu tu aliyepo kaunta anauza spea na hapati chochote kwenye matengenezo. Hilo linaniudhi sana.

Ikiwa bodi ya saketi imeliwa na kutu hadi njia za umeme zimekatika, nenda kwenye mpya ya mtengenezaji. Hapa sifichi upendeleo wangu: gari likiwa Toyota na lebo inasema Denso, natafuta Denso. Kampuni hiyo ilitoka tumboni mwa Toyota mwaka 1949, na kazi yao ya plastiki na soketi naiamini kuliko ya wengine wengi. Namba ya kompyuta kuu ya bodi ya Toyota mara nyingi huanza na 89221, kisha zinafuata tarakimu au herufi nyingine tano. Zote kumi zilingane, si zile tano za mwanzo tu. Ford nao nawapa heshima yao kwa jambo moja: data za kiwandani za magari yao mengi wanaziweka wazi, unazipata kwa namba ya chesisi, na fundi anaweza kuzirudisha kwenye moduli mpya. Watengenezaji wote wangefanya hivyo, kilio kingepungua nusu.

Kinachouma kwenye mpya ni namna bei inavyofichwa. Unatajiwa bei ya kifaa, unakubali, kisha unaambiwa kimekuja kitupu. Kuna malipo ya kuprogramu, na kampuni nyingine zinadai malipo ya kutumia programu yenyewe. Ukitaka kurudisha, vifaa vya umeme mara nyingi havirudishwi. Uliza jumla yote kabla hujatoa hela. Na wakati wa kuprogramu, betri iwe imeunganishwa na chaja inayoshikilia volti, maana umeme ukiyumba katikati unaweza kuiua moduli mpya mezani.

Iliyotumika ni ya tatu, na kwa masharti. Jiulize gari lile lilivunjwa kwa nini. Ajali ya mbele, sawa. Lakini kimbunga Katrina cha 2005 na Harvey cha 2017 vilizamisha mamia ya maelfu ya magari Marekani, na spea za magari ya mafuriko zinasafiri kama spea nyingine zozote. Nje inafutwa, lebo inang'aa, kijani kimejificha ndani ya soketi. Nunua iliyotumika pale tu namba zinapolingana na fundi amethibitisha kwamba anaweza kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye ile ya zamani. Muuzaji akituma picha ya lebo, mwombe picha ya pini, karibu, yenye mwanga. Akisita, achana naye.

Zile za bei chee zisizo na jina la mtengenezaji sizipi nafasi. Unazilipia kwanza, kisha unakuja kulipia inayofanya kazi.

Yoyote utakayochagua, usikubali dashibodi irudishwe siku hiyohiyo bila kupimwa maji. Mtu mmoja amwagie kioo cha mbele na paa kwa mpira wa maji, taratibu, akianzia chini kwenda juu, mwingine awe ndani na tochi na karatasi kavu pale BCM inapokaa. AC nayo iwashwe kwa muda, uone kama maji yanadondoka nje chini ya gari. Fundi akisema hana muda huo, lipeleke kwa mwenye muda.