Trekta langu lilikuwa linazimika kila baada ya nusu saa: uzoefu wangu

Nina Massey Ferguson 135, ile yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Lilipofika kwangu lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wengi. Kuwaka, linawaka vizuri tu. Balaa ilikuwa ukishafunga plau: nusu saa hivi, mlio unaanza kupwaya, linakohoa mara mbili tatu, kimya. Kaa kivulini dakika kumi, rudi upige stata, linawaka kama halijafanya kosa lolote.

Huko kuwaka tena baada ya kupumzika ndiko kulikonipoteza. Nikasema ni joto. Nikaosha rejeta, nikakaza mkanda wa feni, na muda wote huo geji ya joto ilikuwa inasoma kawaida, mbele ya macho yangu!

Nikaja kwenye filta ya dizeli. Mpya niliyoletewa haikuwa na jina lolote, na mpira wake ulikuwa mwembamba kuliko ule wa zamani, ikawa inatiririsha matone. Nikaurudisha mpira wa zamani, ikakauka. Kuzimika kukabaki palepale.

Fundi alikuja, akasikiliza, akasema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya silinda, imechoka, ishushwe. Nilimwomba anipe siku mbili. Pampu ile ikishushwa ikarudishwa na alama zimepishana hata kidogo, taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, imeharibika, na hapo unaanza ugonjwa mwingine ambao hukuwa nao. Nikaona bora nifuate mafuta yenyewe kuanzia juu.

Kwanza mfuniko wa tangi. Tundu lake la hewa likiziba, mafuta yanakataa kushuka, na ukiufungua unasikia hewa ikinyonywa ndani. Nikalima na mfuniko umelegezwa. Likazimika vilevile, basi si mfuniko.

Pili, nikafungua paipu inayotoka kwenye koki ya tangi, nikaweka ndoo chini. Dizeli ikashuka nene kama kidole. Ningeridhika hapo ningekuwa nimejidanganya, maana karibu kila mtu anaangalia sekunde tano tu kisha anafunga. Nilikaa pale nikitazama. Baada ya dakika chache mchirizi ule ukaanza kukonda, ukawa uzi, ukawa matone, na tangi bado lina zaidi ya nusu. Nikafunga koki, nikasubiri kidogo, nikafungua: kidole tena.

Nikamwaga tangi lote, nikang'oa koki. Chini kulikuwa na kutu na tope jeusi, hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kile kikaratasi cha kung'aa kinachofunika mdomo wa dumu jipya la oili. Kilikuwa kinaelea humo. Mafuta yakivutwa, kinasogea taratibu mpaka kinaziba mdomo wa koki, na injini ikizimika kinaachia. Dumu zile nazitumia mimi kubebea dizeli, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nikaosha tangi kwa dizeli safi mara tatu, nikasafisha na kichujio cha koki, nikarudishia. Kazi iliyobaki ni kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli, na hapa kuna jambo lililonila saa nzima. Ile pampu ndogo ubavuni mwa injini, inayovuta dizeli kutoka tangini, ina kiwiko cha kusukuma kwa mkono. Nilisukuma, kikawa kinacheza tu bila kukaza, nikadhani mpira wa ndani umepasuka. Kumbe injini ilisimama kemu, ile nundu inayozunguka na kuisukuma pampu hiyo, ikiwa imeinua mkono wa pampu. Gusa stata kidogo izunguke, kiwiko kinapata uzito. Ukishapata uzito, legeza skrubu ya upepo juu ya filta, sukuma mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha zile za pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Mikono iwe mbali na nozeli mafuta yakiwa na presha, yanapenya ngozi.

Tangu hapo nimelima siku nzima nzima bila kuzimika. Asubuhi bado linatoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa, nadhani ni nozeli, lakini hilo sijalishika. Trekta lenyewe ningelichukua tena bila kufikiri mara mbili: kila kitu kinafikika kwa spana za kawaida. Ila ningemwaga tangi kwanza, kabla sijalipeleka shambani.