Kisu chenye meno nusu: miezi saba kitaluni na baharini

Nina kitalu cha mikorosho njia ya Naliendele, na kisu cha kukunja hakinitoki mfukoni tangu asubuhi hadi jua linapozama. Cha zamani kilipovunjika mpini niliingia duka moja la vifaa sokoni Mtwara mjini nikiwa na haraka, maana kesho yake nilikuwa na miche ya kubebesha, yaani kuunganishia kijitawi cha mti mwingine. Palikuwa na visu viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa makali: kimoja kimenyooka mwanzo hadi mwisho, 22,000, kingine kina meno nusu ya nyuma, 28,000. Muuzaji akanishika pale pale: "Mama, chukua hiki cha meno, ni visu viwili hivi. Mbele unakatia, nyuma unapasulia kamba." Maneno yakaniingia, nikatoa 28,000.

Nianze na mazuri yake, kwa sababu yapo. Ubapa una sentimita 8. Sentimita 3 za kwanza kutoka mpinini ni meno, 5 zilizobaki hadi nchani ni makali manyoofu. Kufuli lake linashika vizuri, halichezi. Chuma hakishiki kutu upesi, na hilo kwetu si dogo: upepo wa bahari wa Mtwara unakula hata bawaba za mlango. Miezi 7 sasa, madoa ni mawili tu karibu na msumari wa kukunjia.

Shida yake niliiona siku ya kwanza kitaluni.

Anayebebesha mikorosho ananielewa. Mche wa wiki 6 hadi 8 unakuwa na shina nene kama penseli. Unaukata juu, unaupasua katikati kwenda chini, halafu unachonga kikonyo, kile kijitawi cha kuunganisha, pande mbili kiwe kabari ya sentimita 3 au 4, unakichomeka kwenye ule mpasuo na kukifunga kwa nailoni. Uhai wote uko kwenye ule utando wa kijani chini ya gamba: wa kikonyo ugusane na wa mche, bila nafasi katikati. Kwa hiyo kabari lazima itoke bapa kama kioo, na ili itoke hivyo unaichonga kwa mkupuo mmoja. Ukirudia mara mbili tayari umetengeneza ngazi.

Sasa angalia mkono wako unapochonga. Kikonyo kiko mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, kidole gumba kimeegemea mgongo wa ubapa. Nguvu iko wapi? Iko karibu na mpini, pale ubapa unapoanzia. Ukisogea kuelekea nchani, ubapa unayumba na mkono unachoka. Na pale penye nguvu, pale hasa ninapopahitaji, ndipo walipoweka meno. Nikitumia meno, kabari inatoka na mifereji kama bati la migongo. Nikiyakwepa nikatumia mbele, inatoka imepinda tumbo. Katika miche 40 niliyobebesha siku ile, 17 ilikauka vikonyo ndani ya wiki tatu. Kwa kawaida kwenye 40 hainifi zaidi ya 6. Niliifungua ile iliyokufa mmoja mmoja nikaangalia: mpasuo mweusi, maji yameingia, na alama za meno bado zinaonekana kwenye kabari. Iliniuma sana, maana vile vikonyo ni vya miti bora, nilivifuata mwenyewe asubuhi na mapema nikavifunga kwenye kitambaa kibichi visikauke.

Wapo wanaobebesha kwa wembe, na kazi yao ni safi. Mimi wembe unanichana vidole, na huwezi kuuweka mfukoni.

Kisu nikampelekea mdogo wangu Mikindani. Yeye ni mvuvi, ana boti ndogo ya mashine. Siku ya pili tu akanipigia simu: "Dada, hiki usinidai tena." Kipande cha kamba ya nyavu kuukuu kilijisokota kwenye pangaboi wakiwa nje ya ghuba. Alizama na kile kisu, akaingiza meno chini ya kamba, akavuta mara tatu, kamba ikaachia. Kamba ile ilikuwa ya manila, imelowa, inateleza, na chini ya maji huna pa kukandamizia. Kisu cha kawaida kingekuwa kinateleza juu yake.

Sababu haina uchawi. Makali manyoofu yanagusa kamba kwa urefu wote kwa pamoja, kwa hiyo nguvu ya mkono inagawanyika. Meno yanaigusa kwa ncha chache. Ncha inazama kwenye nyuzi, na ule mviringo ulio kati ya ncha mbili unazidaka nyuzi na kuzikata zikiwa haziwezi kukimbia. Tena ule mviringo umejificha, haugusi ubao wala mfupa, ndiyo maana kisu cha meno kinaendelea kukata kamba hata kikiwa hakijanolewa muda mrefu. Kwa kifupi, meno yanataka kuvutwa, na makali manyoofu yanakubali kusukumwa. Kuchonga, kumenya embe na kumtoa samaki mnofu kunataka makali manyoofu. Yule yule mdogo wangu akipasua samaki aina ya changu bado anachukua kisu cha jikoni, kwa sababu meno yanachana mnofu na ngozi inabaki na ndevu.

Kuhusu kunoa, hapa wanunuzi wengi hawaulizi, na ingefaa waulize kabla ya bei. Yule mzee anayenoa kwa baiskeli mtaani kwetu nilimwamkia, nikampa kisu. Akakigeuza, akanirudishia. "Mwanangu, hiki nikikiweka kwenye jiwe meno yote yanaondoka." Namshukuru kwa ukweli wake, wengine wangekichukua tu. Nyumbani tukagundua njia. Meno yana mwinamo upande mmoja, upande wa pili ni bapa. Tulizungushia msasa wa maji kwenye spoki ya baiskeli, kwa matundu mapana kati ya meno tukatumia msumari wa nchi 4, tukasugua kila tundu mara tano au sita kwa kufuata ule mwinamo wake. Kisha upande wa bapa tunaupitisha kwenye jiwe ukiwa umelala kabisa, mara moja tu, kuondoa kile kinyweleo cha chuma kinachojikunja. Inachukua karibu nusu saa. Kisu kisicho na meno nakinoa dakika tano: jiwe, maji, ubapa umeinuliwa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, nabadilisha upande hadi kikate nyanya iliyoiva bila kuibonyeza.

Ushauri wangu kwa wenzangu wa vitalu, na kwa anayetaka kisu cha shamba na jikoni: chukua kisicho na meno. Anayeshinda na kamba, awe mvuvi au mpakiaji wa mizigo, meno yatamfaa, na kwa baharini ningemwambia atafute chenye meno ubapa mzima kama atakipata. Hiki cha nusu ni cha mtu anayemiliki kisu kimoja, anakata kamba kila siku, na kuchonga ni kwa nadra.

Mimi nilirudi dukani nikalipa zile 22,000. Msimu wa korosho, siku za kufungua magunia, niliogopa nitayakumbuka meno. Haikuwa hivyo. Uzi wa katani ulioshonwa kwa shazia naukunja, napitisha ubapa ndani ya kikunjo, navuta kwenda nje mbali na mwili, unakatika mara moja, mradi kisu kimenolewa asubuhi ile. Miche ya safari hii, kati ya 40 imekauka 5.

Nilipopita mara ya mwisho visivyo na meno vilikuwa vimebaki vitatu. Ukienda, kifungue na ujaribu kufuli kabla ya kulipa. Kimoja kati ya hivyo vitatu kilikuwa kinacheza, na nilimwonyesha muuzaji.